Hewa ilikuwa ikiniishia mapema Mnemba: jinsi nilivyotatua

Nikizamia Mnemba, Zanzibar, hewa iliniishia kabla ya wenzangu, na kundi zima likalazimika kupanda. Nilijaribu kupumua polepole, kisha kupiga mapezi taratibu. Nafuu ilikuwa ndogo.

Kilichonitoa ni kuuliza ujazo wa mtungi wa hewa kabla ya kuukodi. Mtungi wa alumini uliozoeleka ni wa lita 11.1, ukijazwa hadi shinikizo la baa 200 unabeba takriban lita 2,220 za hewa. Nikaomba wa chuma wa lita 15: lita 3,000! Someni ujazo uliogongwa begani mwa mtungi, maana umbo hudanganya.

Jambo dogo lenye uzito mkubwa: mtungi wa alumini hewa ikikaribia kuisha huelea, wa chuma hubaki mzito. Kwa hiyo nilipunguza vipande vya risasi vya mkanda, vile vya kuongeza uzito, nikajipima kwanza kwenye maji mafupi. Sasa tunapanda pamoja, geji ya shinikizo la hewa ikiwa juu ya baa 50.