Nilivyopata cha kulalia safarini pwani bila kubeba mzigo

Kazi yangu inanipeleka sana kusini, Kilwa, Lindi, Mikindani huko, na kulala ni popote, leo gesti, kesho kwa mwenyeji kwenye mkeka, siku nyingine barazani kabisa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Nikataka cha kulalia changu mwenyewe, kiingie kwenye begi la mgongoni na nguo zibaki na nafasi.

Nilienda kwanza kuangalia yale mabegi ya kulalia ya mtumba. Mazuri kweli, ila yameshonwa kwa ajili ya baridi, ndani yamejazwa, ukiingia nalo Lindi mwezi wa pili unatoka umelowa chapachapa. Pwani usiku shida sio baridi, shida ni mbu, shuka la gesti usilojua limelaliwa na nani, na jasho ambalo halikauki sababu hewa yenyewe imejaa maji. Kwahiyo nikaamua natafuta kitambaa chepesi na neti basi.

Kitambaa nikachukua kanga, doti moja. Hapa muwe makini maana siku hizi kuna kanga za pamba na kuna za poliesta na kwa macho zinafanana, mi nilichomoa uzi mmoja pembeni nikauchoma na kiberiti, wa pamba unaungua unabaki jivu na harufu kama ya karatasi, wa poliesta unayeyuka unajikunja kidonge kigumu. Poliesta inakauka haraka sawa, lakini ukilalia inakuganda mwilini. Ukishanunua fua kwanza kabla ya kushona, itoe ule ugumu wa dukani na rangi ya ziada, na kama ni ya kurudi irudi kabisa.

Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Nikapeleka kwa fundi cherehani aziunganishe kwa ule upande mrefu, inakuwa 150 kwa 220, alafu unaikunja katikati unapata mfuko wa upana wa 75 na urefu wa 220, unashona miguuni na ubavuni. Mi nilitaka ubavu ushonwe mpaka juu, fundi akaniambia kaka joto hili utajigeuzaje humo, acha wazi kuanzia kiunoni. Alikuwa sahihi kabisa, usiku joto likizidi unatoa mguu na mkono nje unaendelea kulala. Na ule mshono wa katikati mwambie aulaze vizuri, maana unapita usawa wa kiuno na ukiwa na nundu utausikia usiku kucha. Yote ukiikunja inakuwa kama taulo dogo.

Neti nimechagua ya pembe nne ya mtu mmoja, yenye dawa. Zile za duara zina ringi, hazikunjiki kwenye begi, na ukitoa ringi neti inakuangukia mwilini, ngozi ikigusa neti mbu anakuuma kutokea nje. Kinachosumbua ni pa kufungia, kwahiyo natembea na kamba nyembamba ya manila mita kadhaa, nafunga kwenye nondo za dirisha, bawaba ya mlango, nguzo ya baraza, chochote, alafu pindo nachomekea chini ya godoro au mkeka pande zote. Nikiifua naanika kivulini, jua kali linaua dawa yake.

Mto sibebi, nguo za kesho zinaingia kwenye mfuko wa kanga upande wa kichwa. Miezi ya kusi, wa sita mpaka wa nane, alfajiri panapoa kidogo hasa ukilala nje, naongeza kikoi na soksi inatosha.

Ila hii ni ya pwani tu. Kama unapanda Lushoto au Njombe beba blanketi la ukweli, kanga huko haikufikishi hata saa sita usiku.