Kampuni iliyonunua deni langu iliponipeleka mahakamani

Deni nilikuwa nalo. Nalisema mwanzoni kabisa ili asije mtu akadhani nafundisha namna ya kumkimbia aliyekukopesha. Mei 2022 nilichukua mkopo wa shilingi milioni 24 kwa taasisi moja ya mikopo hapa Dodoma, nikanunue alizeti Kongwa na Kibaigwa wakati wa mavuno, niikamue, niuze mafuta na mashudu. Rejesho lilikuwa milioni 2.4 kila mwezi kwa mwaka mmoja, jumla milioni 28.8. Kaka yangu alisimama kama mdhamini. Miezi sita ya kwanza nililipa bila kuruka. Halafu bei ikaanza kushuka, na msimu wa 2023 ikaporomoka; anayefanya biashara ya alizeti kuanzia Kongwa hadi Singida hahitaji kusimuliwa. Mafuta yakalala kwenye madumu. Nikawa napeleka nilichopata: milioni 1.2 mwezi Machi, nyingine Mei, nyingine Julai, zote kwa njia ya benki, kwenye akaunti ileile ya taasisi. Baada ya hapo ofisi yao ikafungwa, afisa mikopo akawa hapatikani kwa simu, na mimi nikabaki na deni ambalo mwenyewe haonekani.

Mwaka 2025 ndipo simu zikaanza. Mtu akajitambulisha kuwa ni wa kampuni nisiyoijua hata kwa jina, akasema wamelinunua deni langu, sasa wao ndio wanaonidai, na ni milioni 31.5. Nisipolipa ndani ya wiki, dalali wa mahakama atakuja kubeba mashine ya kukamulia. Nilimjibu kwa adabu aniletee maandishi. Akabadilisha sauti: "Basi tuma hata laki moja leo tuone nia yako."

Sikutuma. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huponzwa na hiyo laki moja. Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania, madai yanayotokana na mkataba yana miaka 6 ya kufunguliwa mahakamani. Muda ukipita, shauri linapaswa kutupwa, hata kama mdaiwa hakuzungumzia ukomo kwenye utetezi wake. Lakini ukilipa sehemu ya deni, au ukalikiri kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, hesabu ya miaka inaanza upya. Deni langu lilikuwa bado ndani ya muda, hilo nililihesabu mapema. Ila aliyekopa miaka mingi nyuma akapigiwa simu ya namna ile, atafute kwanza tarehe ya malipo yake ya mwisho ndipo afungue mdomo. Na kuhusu dalali wa mahakama: huyo anafanya kazi kwa amri ya mahakama, baada ya hukumu kutolewa na aliyeshinda kuomba kuikazia, yaani itekelezwe. Hatumwi kwa simu na kampuni.

Miezi michache baadaye samansi ikaja kweli. Aliyeileta alifuatana na mjumbe wetu, nikasaini, na papo hapo nikaandika kwa kalamu juu ya nakala yangu tarehe na saa niliyoipokea. Mdaiwa wa kwanza mimi, mdaiwa wa pili kaka.

Kaka yangu ni mtu wa heshima zake, amestaafu ualimu, hajawahi kusimama mahakamani hata kama shahidi. Alikuja kwangu jioni ile ile na samansi yake imekunjwa ndani ya Biblia. Akasema, "Mama Neema, dawa ya deni kulipa. Nina kile kiwanja changu cha Nzuguni, nimeshaongea na dalali wa viwanja." Nilimwambia, "Kaka, kulipa tutalipa. Lakini tunamlipa nani, na shilingi ngapi? Tukimlipa asiyekuwa na haki, mwenye haki akija kesho tutamwambia nini?" Alinyamaza, akasema tusome basi.

Tukazisoma zile karatasi mezani, ukurasa kwa ukurasa, hadi usiku. Nashauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kwenda kwa wakili, kwa sababu wakili ni mgeni kwenye deni lako na wewe ndiye unayelijua. Hati ya madai ilisema taasisi iliuza madeni yake kwa kampuni tarehe 31 Januari 2023, na mkataba wa mauziano ulikuwa umeambatishwa. Mkataba ule ulikuwa na kurasa chache tu, na haukututaja popote. Kifungu kimoja kilisema madeni yaliyouzwa ni "yale yaliyoorodheshwa kwenye Jedwali A". Kaka alifunua mpaka karatasi ya mwisho, akarudi nyuma, akahesabu namba za kurasa kwa kidole kama anasahihisha madaftari. Jedwali A halikuwepo. Yaani walikuwa wameleta ushahidi kwamba walinunua madeni ya watu fulani, bila kuonyesha kwamba na mimi nilikuwa mmoja wao.

La pili lilikuwa hesabu. Baki la mkopo waliandika milioni 14.4, adhabu ya kuchelewa milioni 12.9, na "gharama za ufuatiliaji" milioni 4.2. Nilitoa risiti zangu za benki kwenye bahasha. Zile milioni 3.6 nilizolipa Machi, Mei na Julai 2023 hazikuonekana popote. Nililipa kwa taasisi baada ya tarehe ambayo eti tayari ilikuwa imeniuza, na hakuna aliyekuwa ameniandikia hata mstari mmoja kwamba mdai wangu amebadilika. Mkopaji ambaye hajataarifiwa anamlipa yule anayemjua. Malipo hayo ni halali na lazima yahesabiwe.

La tatu, mkataba wangu wa mkopo. Nilikuwa na nakala. Adhabu iliyoandikwa humo ni asilimia 2 ya rejesho lililochelewa, mara moja. Kwa marejesho sita ya milioni 2.4 hiyo inafika shilingi 288,000. Milioni 12.9 waliitoa wapi? Gharama za ufuatiliaji hazikutajwa kabisa.

Nilianza kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Hawa wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ilipoanza 2023 watu wengi zaidi wamewajua. Hawatozi, ingawa hawawezi kukusimamia mahakamani. Dada yule aliniambia jambo moja lililonipa nguvu: siku 21 tangu kupokea samansi ndizo za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikikupita, unaweza kuomba nyongeza ndani ya siku 7 zinazofuata kwa kuonyesha sababu ya msingi, na mahakama ikiridhika inaongeza siku 10. Baada ya hapo mdai anaruhusiwa kuendelea peke yake, na hukumu ya upande mmoja inatoka kwa kiasi chochote atakachokithibitisha bila wewe kumuuliza swali. Kampuni za namna hii, kwa ninavyoona mimi, zinategemea sana ukimya wetu. Mtu anaona aibu, anaficha samansi chini ya godoro, na milioni 14 inageuka 31 kwa sababu hakuna aliyesema hapana.

Kwa kuandika nililipa wakili. Sikumlipa kwa kesi nzima mwanzoni, nilimlipa kwa utetezi tu, na tulikubaliana bei kwa maandishi. Alinifundisha kwamba utetezi unajibu hati ya madai aya kwa aya. Kusema kwa jumla "nakataa madai yote" hakutoshi. Jambo lolote ambalo mdaiwa hakulikanusha waziwazi linaweza kuchukuliwa kuwa amelikubali. Kwa hiyo tulikaa nayo moja moja. Aya ya mkopo: tunakubali, kwa sababu ni kweli. Aya ya mauziano ya deni: tunakanusha, mdai athibitishe kwa mkataba kamili na jedwali linalotutaja. Aya ya kiasi: tunakanusha, na risiti tatu tumeambatisha. Aya ya adhabu: tunakanusha, tazama kifungu cha mkataba. Aya ya taarifa: hatukuwahi kupewa. Tuliongeza pia kwamba mkataba wao haukuonyesha kulipiwa ushuru wa stempu, maana hati inayopaswa kulipiwa haipokelewi kama kielelezo mpaka ushuru ulipwe. Wakili alisema hilo halitamaliza kesi, ila litawalazimisha kuleta hati halisi. Hati yao ya madai ilikuwa ya Kiingereza. Sisi tuliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na kaka alitaka aelewe kila neno analolisaini.

Kuwasilisha kunafanyika kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama. Unapandisha nyaraka, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Wakili alifanya hayo, lakini mimi nilikwenda mwenyewe masjala kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapa Dodoma kuhakikisha yameingia. Pale Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko mahali pamoja, na karani alinionyesha kwenye kompyuta kwamba utetezi umepokelewa ndani ya muda. Nilitoka nikampigia kaka. Akaniuliza kama aendelee na yule dalali wa viwanja. Nikamwambia asimpigie tena.

Tarehe za mwanzo ziliahirishwa, sina la kusimulia hapo zaidi ya kwamba tulihudhuria zote, sote wawili. Asiyehudhuria anampa mwenzake nafasi, na hilo linamhusu mdai pia: akizembea, shauri lake linaweza kufutwa.

Usuluhishi ndio ulioamua mambo. Mashauri ya madai hupitia hatua hiyo kabla ya kusikilizwa, na yanayosemwa mle ni siri, hayatumiki dhidi yako kesi ikiendelea. Kwa sababu hiyo niliweza kusema waziwazi mbele ya msuluhishi: deni nalikubali, na nipo tayari kulipa kilicho halali kwa mwenye haki. Msuluhishi akamgeukia mwakilishi wa kampuni: Jedwali A liko wapi? Hakuwa nalo. Akapewa muda alilete.

Aliporudi alilileta. Jina langu lilikuwepo, namba ya mkopo sahihi, na pembeni yake baki kufikia 31 Januari 2023: shilingi 14,400,000. Adhabu hakuna, ufuatiliaji hakuna. Karatasi yao wenyewe ilikuwa inasema walichonunua ni 14.4. Msuluhishi aliweka risiti zangu tatu kando ya jedwali lile, hakusema mengi. Kwa upande wangu shaka ya mwenye deni ilikuwa imekwisha, na nilisema hivyo hivyo. Nisingeweza kudai karatasi kisha nikaikataa ilipoletwa.

Tukakubaliana: 14,400,000 toa 3,600,000, jumlisha ile adhabu ya mkataba 288,000. Inakuja 11,088,000. Nilipe kwa miezi tisa, 1,232,000 kila mwezi, kila upande ubebe gharama zake. Mwakilishi wao alitaka tuandikiane tu pembeni ili shauri lifutwe. Wakili wangu, ambaye siku hiyo nilimlipa aje, alikataa, na kwa hili namshukuru. Makubaliano yaliandikwa, tukasaini wote, yakasajiliwa mahakamani yakawa amri ya mahakama. Maana yake hawawezi kurudi kesho na zile milioni 17 nyingine, na mimi nikishindwa kulipa wanajua pa kwenda. Tuliweka pia kifungu kwamba malipo ni kwa benki pekee, kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu.

Nililipa. Miezi miwili ilikuwa migumu hadi nikauza madumu kwa bei ya hasara, lakini haikupita tarehe. Kaka alikuwa ananipigia kila mwisho wa mwezi kuulizia, nami namtumia picha ya risiti.

Rejesho la mwisho lilipoingia niliomba barua yenye mambo matatu: kwamba deni la mkopo namba fulani limekwisha lote, kwamba mdhamini ameachiliwa, na kwamba taarifa zangu za mkopo zitarekebishwa. Barua ya kwanza waliyonipa haikumtaja mdhamini. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa kamili, nikapeleka nakala masjala iingie kwenye jalada. Kisha niliomba taarifa yangu ya mikopo kutoka kampuni ya taarifa za wakopaji iliyosajiliwa na Benki Kuu, nikakuta mkopo ule bado haujafungwa, umeandikwa kwa jina la ile taasisi ya zamani, kana kwamba haujalipwa hata senti tangu 2023. Niliwaandikia nikiambatisha barua na amri ya mahakama, wakausahihisha, na msimu uliofuata benki ilipokagua jina langu halikuwa na doa.