Harufu ya kiberiti

Juzi umeme ulikatika, mwanangu akawasha kiberiti karibu na uso wangu. Ile harufu kali ya salfa ikanirudisha uani kwetu Morogoro, kwenye beseni la batiki la mama.

Mama aliyeyusha rangi kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, unga mweupe wenye harufu hiyohiyo. Kemia hakuisoma, ila alikuwa na katazo moja: "Maji haya usiyape upepo, yatakufa." Maji mazima yalikuwa kijani cha manjano, na utando wa bluu juu tu. Mimi nilikuwa nikingojea kitambaa kitoke. Kilitoka kijani kama jani changa la mgomba, mama akakianika kambani, na papo hapo bluu ikaanza kwenye pindo. Ikatambaa kuelekea katikati, huku kwenye mikunjo kijani kikijificha, mpaka mama alipoinyoosha kwa vidole vyenye glavu, nayo ikageuka mbele ya macho yangu. Sijawahi kuchoka kulitazama jambo lile.

Siku moja tulikuwa na oda ya sare za harusi. Mama alikwenda dukani kuongeza nta, akaniacha nilinde beseni. Nilikuwa na miaka 9. Nilitaka kuiona bluu ikizaliwa humohumo majini, nikachukua mwiko nikayapiga mpaka yakatoa povu. Yakawa bluu tupu. Nikafunika.

Mama alirudi magharibi, giza limeshaingia, akatumbukiza vitambaa. Vilitoka vikiwa bluu tayari. Niliona, nikanyamaza. Kesho yake tulipovichemsha kutoa nta, rangi nayo ikatoka, sufuria nzima.

Sekondari ndipo nilipoelewa. Rangi ile haiyeyuki majini mpaka haidrosalfaiti iibadilishe, ndipo ipenye kwenye nyuzi za pamba. Ikikutana na oksijeni hurudia hali yake, ikanasa ndani ya uzi. Mimi niliirudisha ingali majini, ikabaki kukaa juu ya kitambaa kama vumbi.

Mama alimlaumu muuza rangi. Hakununua kwake tena, hata salamu wakakatiana.

Jana nilimpigia simu. Tukaongea habari za mvua, tukaongea mguu wake. Nikataja ile oda ya sare, akaanza upya kumlaani yule mzee wa rangi. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mtandao unasumbua.