Nilivyolifufua kabati la mninga lililozikwa chini ya rangi ya mafuta

Kabati la vyombo la marehemu shangazi lilinifikia likiwa na rangi ya mafuta ya kijani, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, mpaka nakshi za milango zimefukiwa. Nyumbani Tanga kulikuwa na waliosema mbao zake zitafaa banda la kuku. Nilichomoa droo nikaangalia upande wa nyuma, mahali ambapo hakuna anayehangaika kupaka rangi. Ulikuwa mninga: kahawia yenye michirizi ya wekundu, na mzito. Nikasema hili haliendi bandani.

Kabla ya kugusa chochote nilimwendea mzee mmoja seremala wa mtaani kwetu. Baada ya shikamoo nilimweleza nia yangu ya kulikwangua na kulipaka rangi nyeupe, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa naiona kwenye picha za nyumba za kisasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwanangu, rangi ipake kwenye paini na plaiwudi. Mninga uvalishe vanishi uuone.” Maneno hayo ndiyo yaliyoongoza kazi yote, na mpaka leo nayaona ni ya haki. Mbao ya namna hii sasa ni ghali na miti yake inachukua miaka mingi kukomaa. Kuificha chini ya rangi ni kuipoteza mara ya pili.

Kuondoa rangi ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni mepesi. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Kwa hiyo sikuchoma kwa moto wala sikusugua kwa msasa mkavu. Nilitandika turubai uani, nikavaa barakoa na glavu, watoto wakahamia kwa jirani. Nilipaka dawa ya kubabua rangi sehemu moja moja, nikaisubiri ivimbe na kujikunja, ndipo nikapitisha skrepa. Uso tambarare ulikubali upesi. Shida ilikuwa miguu, ambayo ilichongwa kwa mashine na ina mifereji ya mviringo isiyoingilika kwa chuma. Hapo nilichukua kamba ya katani, nikaizungusha kwenye mfereji na kuivuta huku na huku. Kamba ilitoka na ute wa kijani, na chini yake pete ya kahawia ikajitokeza, safi, kingo zake bado kali kama alivyoziacha fundi. Niliita watu waje kuona.

Mabaki yote niliyakunja ndani ya turubai, nikalifuta kabati kwa kitambaa chenye thina na kuliacha likauke kivulini. Juani mbao hupasuka.

Ndipo msasa ukaingia: namba 80 palipokuwa na madoa sugu tu, kisha 120, 180 na 240 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), umefungwa kwenye kibao ili vidole visichimbe mabonde. Msasa hufuata nyuzi za mbao. Ukiukatisha, mikwaruzo haionekani mbao ikiwa kavu, lakini vanishi ikigusa tu inajitokeza yote. Barakoa niliendelea kuivaa, maana vumbi la mninga huwawasha watu wengine pua na ngozi.

Rafu moja ilikuwa imeliwa na bungua. Ilikuwa ubao mweupe wa pembeni ya gogo, na hao ndio wadudu wanaoupenda. Moyo wa mninga hawaushughulikii sana. Nilinunua paini badala yake, na hapa steini, rangi nyepesi inayopenya ndani ya mbao, ikawa na kazi ya kuifananisha na mninga. Paini hunywa steini bila mpangilio, sehemu laini inakolea na sehemu ngumu inakataa, rafu inatoka na mabaka. Dawa yake ni kuipaka kwanza sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) iliyozimuliwa sana kwa thina, ikikauka unapitisha msasa kidogo, kisha steini kwa kitambaa na kufuta iliyozidi palepale. Rangi niliijaribu kwanza kwenye vipande vya ubao uleule, na kila kipande nikakipaka vanishi juu kabla ya kuamua, kwani steini kavu ina sura tofauti kabisa na ile utakayoishi nayo. Gundi iliyovuja kwenye viungio niliifuta kwa kitambaa kibichi ingali mbichi. Ikikaukia hapo, steini haipenyi na doa jeupe linabaki.

Ukuta wa nyuma ni plaiwudi. Huo niliupaka praima, yaani rangi ya msingi, na juu yake rangi ya krimu, na ndani ya kabati pamekuwa na mwanga, vyombo vinaonekana vyote. Mzee alisema kweli, rangi ina mahali pake.

Mninga wenyewe sikuutia steini hata tone. Mkono wa kwanza wa vanishi niliuzimua ili uzame ndani, iliyofuata ikawa mizito kiasi, na katikati ya mikono nilipitisha msasa namba 320 taratibu na kufuta vumbi. Ukienda dukani, taja unazimua nini. Thina ya rangi za magari ni kali, na ikiingia juu ya vanishi ya mafuta huukunja mkono wa chini wote. Chagua pia majira. Pwani wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, vanishi inachelewa kukauka na inashika vumbi na wadudu. Mimi nilisubiri mvua ziishe, na nilipaka asubuhi umande ukishakauka, upepo wa bahari ukiwa bado haujaanza.

Droo zilizokuwa zinagoma nilizisugua mshumaa kwenye reli zake, zinateleza sasa. Milango niliiacha wazi hadi harufu ikaisha kabisa ndipo sahani zikapangwa. Mzee seremala alikuja kulikagua, akapitisha kiganja juu ya mlango, akainama akaangalia miguu kwa muda, kisha akaniuliza kama viti vya seti hiyo bado vipo. Viwili vipo kwa binamu yangu Muheza, navyo ni vya kijani.