Kabla sijasaini

Mtume (S.A.W.) alikataza mwamuzi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa sahaba Abu Bakra, aliyemwandikia mwanawe aliyekuwa kadhi Sijistan, eneo ambalo leo limo Iran na Afghanistan. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hawakuishia kwenye hasira. Waliongeza njaa kali, kiu, usingizi, hata kubanwa na haja ndogo. Naipenda hukumu hii kwa kuwa inamtaka kadhi ajikague tumbo, koo na kibofu kabla hajafungua mdomo.

Leo nimeifuata. Kamati yetu ya mikopo, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, ilianza kikao saa saba mchana, feni imekufa, chakula hakijafika. Saa kumi alikuwa mbele yetu mama muuza dagaa anayeomba mkopo wa friji. Nilijisikia taya zimebana, na kalamu naigongagonga mezani. Swali nililotaka kumuuliza, la rejesho lililochelewa mwaka juzi, lilikuwa halali kabisa. Ila ukali uliokuwa unanipanda kooni haukumhusu yule mama, ulikuwa wa njaa. Nikaahirisha kikao. Wajumbe wawili waliguna, na wana haki, maana nauli ya kurudi kesho inatoka mifukoni mwao.

Wataalamu nao wamelichimba jambo hili. Kule Iowa, Marekani, katika miaka ya 1990, mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio na wenzake walichezesha watu karata zilizopangwa mafungu manne, mawili yakiwa ya hasara. Wenye afya walianza kutoka jasho viganjani kila walipotaka kugusa fungu baya, hata kabla hawajaweza kueleza ubaya wake. Waliokuwa wameumia sehemu ya mbele ya ubongo hawakutoka jasho hilo. Wapo miongoni mwao waliokuja kuyatambua mafungu mabaya, na bado wakaendelea kuyachagua. Hilo ndilo linalonitisha: kujua kupo, lakini mwili haushtuki, na mkono unaenda.

Hata hivyo siko pamoja na wanaosema kiongozi asikilize machale yake tu. Mwili haujasoma masharti ya chama. Unaweza kusisimka kwa sababu muombaji ana lafudhi ngeni, au amevaa kimaskini, na hilo si onyo, ni ubaguzi uliojificha chini ya ngozi. Isitoshe, tunasifu machale yanayotushtua huku ule ulegevu mtamu hatuuzungumzii. Mapema leo ilikuja fomu ya kijana wa mtaani kwetu, mtoto wa watu ninaowaheshimu. Mabega yalinishuka, pumzi ikatulia, kifuniko cha kalamu kilikwishatoka. Utulivu ule ulinitia shaka, nikaisoma fomu upya tangu juu. Mdhamini wa pili hakuwa amesaini. Nikamrudishia akamalize, kama ambavyo angerudishiwa mwingine yeyote.

Kwa hiyo siku hizi mwili nimeupa kazi moja tu, ya kunisimamisha. Ukikaza, nasimama, ukilegea kupita kiasi, nasimama pia. Baada ya hapo zinaulizwa karatasi, wanaulizwa wadhamini, na wajumbe wenzangu wana ruhusa ya kuniambia, "Mwenyekiti, umebadilika sauti."

Nimemwomba katibu vikao vyote vihamie saa tatu asubuhi, na chai iwe mezani kabla ya fomu ya kwanza. Mama wa dagaa ndiye tutakayeanza naye kesho. Swali la rejesho bado nitamuuliza.