Kamera ya getini: hesabu ya pikseli kwa mita

Yadi ya mbao ya mjomba, huku Mafinga, ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 (picha yake ina vidoti, yaani pikseli, milioni mbili hivi) iliyofungwa juu ya ofisi, mita 12 kutoka getini. Uwanja wote ulionekana. Sura ya anayeingia ndiyo haikusomeka. Fundi akamshauri anunue ya megapikseli 8.

"Mjomba, wewe ndiye unayezijua hizi kompyuta," akaniambia. "Ninunue au nisinunue?"

Nikachukua tepu. Kwenye picha, ukuta wa barabarani ulienea kutoka ukingo mpaka ukingo, na ukuta huo una mita 24. Megapikseli 2 ni pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 24, unapata 80 kwa kila mita. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014 kilitaka 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemfahamu, na 250 kwa usiyemjua. Uso una upana wa sentimita 16 hivi, kwa hiyo kwetu ulikuwa vidoti 13. Hapo ukivuta picha unakuza vidoti tu, hata filamu ziseme nini.

Megapikseli 8 ni mara nne kweli, ila ni mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Pikseli 3840 kwa mita 24 ni 160. Kibarua wa yadi angetambulika. Mwizi mgeni, wapi!

Tatizo lilikuwa lenzi. Ile ya milimita 2.8 inameza uwanja mzima; milimita zikiongezeka, lenzi huona eneo jembamba zaidi. Tukanunua kamera nyingine ya megapikseli 2, yenye lenzi ya milimita 12, tukaielekeza getini pekee. Pale picha yake ina upana wa mita 6 hivi, yaani pikseli 320 kwa mita, na bei ilikuwa chini ya ile ya 8. Ya zamani tuliiacha ionyeshe mtu ameelekea wapi.

Usiku una mambo yake. Gizani shata, kile kinachopitisha mwanga ndani ya kamera, hukaa wazi muda mrefu, na anayetembea huonekana ukungu hata pikseli ziwe 1000. Tukafunga taa getini, nikaweka shata kwenye 1/100 ya sekunde.

Video ya kupeleka polisi usiirekodi kutoka kwenye simu. Mara nyingi simu huletewa picha iliyopunguzwa ili kuokoa bando. Nakili kwenye mashine ya kurekodia yenyewe.