Elfu sitini katikati ya Ziwa Bisina

Nimelipishwa mara mbili ili nione kwera wa Fox, ndege mfumaji wa viota anayeenea kwenye kiganja, na zile pesa bado zinaniuma, lakini wacha niseme yote.

Malaba, Mbale hadi Kumi sina cha kusimulia, ni teksi tu, watu wanne kwenye kiti cha watatu. Mambo yalianza ziwani, huku mashariki mwa Uganda. Mwenye mtumbwi alisema shilingi 30,000 kwenda na kurudi, tukapatana, nikapanda. Tumeingia ndani kabisa kwenye mayungiyungi, akalaza kasia mapajani. "Ndugu, ni elfu sitini. Hao ndege wako mbali." Nikamwambia mzee si tulipatana, akanyamaza anaangalia maji, na mimi kuogelea sijui. Nikatoa. Hiyo si haki hata kidogo, bei ya nchi kavu inafaa kuwa ndiyo ya majini.

Akapiga kasia mpaka kwenye miti iliyosimama ndani ya maji, viota vinaning'inia, kelele kila tawi. Mara ya kwanza nikaona ni kwera wa Speke yule yule wa kwetu Rongai, Kenya, utosi njano, barakoa nyeusi, moyo ukaanguka. Nikatulia na darubini karibu saa nzima. Sasa wa Speke mgongo wake ni mabakamabaka ya njano na nyeusi, huyu mgongo umeiva weusi, njano inatokea tena pale kiunoni juu ya mkia. Hata waliompa jina la kisayansi mwaka 1947 walimwita spekeoides, yaani anayefanana na wa Speke. Ndiye kwera wa Fox! Duniani kote yuko Uganda tu, na hapa Uganda kwenyewe anang'ang'ania vinamasi vya huku Teso na bonde la Kyoga.

Nikamwambia mzee, hawa hawako Kenya, hawako Kongo, ni wenu peke yenu. Akainua macho, akawaangalia muda mrefu. "Hawa? Tangu niko mtoto wako hapa."

Kurudi hakuongeza bei, hata alipitia polepole chini ya viota nione vizuri. Mimi nawaza ule mgunga wa nyumbani, umejaa viota vya wa Speke na mwenye ploti anataka kuukata eti kelele za asubuhi na uchafu kwenye magari, na wapangaji wote tulikubali, mimi pia. Nikifika Jumapili naenda kuongea naye kabla hajaita watu wa msumeno.